Martha Cannon Hakwenda Seneti Kumwaibisha Mumewe

Martha Hughes Cannon akitajwa, hazipiti sentensi mbili kabla mumewe hajatajwa. Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1896, katika jimbo la Utah nchini Marekani, daktari mwanamke aliyekuwa mke wa nne wa kiongozi mmoja wa Kanisa la Wamormoni aligombea Seneti ya jimbo kwa tiketi ya chama cha Democratic. Mumewe, Angus Cannon, akagombea Seneti hiyo hiyo kwa tiketi ya Republican. Kura zilipohesabiwa, mke akaenda Seneti, mume akabaki nyumbani. Ni kisa kitamu, na wengi wanaokisimulia wana nia njema: wanataka kumpa heshima mwanamke wa kwanza kuingia seneti ya jimbo lolote la Marekani. Lakini nia njema haisahihishi kosa. Jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa, kinapotosha uchaguzi wa mwaka ule, kinawafunika wanawake wengine waliokuwamo, na baya zaidi, kinamfanya mtunga sheria hodari aonekane mshindi wa ugomvi wa wanandoa. Cannon ana haki ya kukumbukwa kwa kazi aliyoifanya baada ya kuapishwa, na kazi hiyo haikumhusu Angus hata chembe.

Tuanze na uchaguzi. Seneti ya Utah ilikuwa na viti 18, na vitano kati ya hivyo vilikuwa vya kaunti ya Salt Lake. Kaunti haikugawanywa katika maeneo matano ambamo mgombea mmoja angepambana na mwenzake ana kwa ana. Vyama viliweka orodha za wagombea, wapiga kura wa kaunti nzima wakachagua, na watano waliopata kura nyingi zaidi ndio walioingia. Wagombea watano wa Democratic wakapita wote, wale wa Republican wakaanguka wote. Kwa hiyo, kama Martha alimwangusha Angus, basi na wanaume wanne waliopita pamoja naye walimwangusha pia, ila hakuna anayewaimba. Tena upepo wa mwaka ule haukuvuma kwa ajili ya familia ya Cannon. Mgombea urais wa Democratic, William Jennings Bryan, alinadi sera ya kuirudisha fedha iwe madini ya kutengenezea sarafu bila kikomo, sambamba na dhahabu. Utah ilikuwa na migodi ya fedha, na zaidi ya asilimia 80 ya kura zake za urais zilikwenda kwa Bryan. Mwaka huo mgombea wa Republican katika jimbo hilo hakuhitaji kuwa na mke mpinzani ili ashindwe.

Kuna jina jingine ambalo kisa cha mke na mume hulifuta kabisa. Katika wagombea wa Republican walioanguka siku hiyo alikuwamo Emmeline Wells, mhariri wa gazeti la wanawake la Woman's Exponent na mmoja wa watu waliopigania kwa muda mrefu zaidi haki ya wanawake wa Utah kupiga kura. Martha alipokuwa msichana alifanya kazi ya kupanga herufi za chapa katika gazeti hilo hilo. Tukishikilia kwamba uchaguzi ule ulikuwa pambano la watu wawili, kwa nini tusiseme Martha alimbwaga Emmeline, mwanamke mwenzake aliyemtangulia katika harakati? Hatusemi hivyo kwa sababu hakuna kicheko ndani yake. Hadithi ilichaguliwa kwa utamu, na waliokuwa wa kwanza kuichagua walikuwa watu wa magazeti. Salt Lake Herald, lililokuwa upande wa Democratic, liliandika kwamba kati ya wawili hao mke ndiye mwanamume bora, kwa hiyo yeye apelekwe Seneti na mume aachwe nyumbani. Kama kijembe cha kampeni kilikuwa kizuri. Kama hukumu ya historia ni kibovu, maana kinamsifu mwanamke kwa kumwita mwanamume, na thamani yake kinaipima kwa kimo cha mumewe. Zaidi ya karne imepita, na kijembe cha kampeni bado kinanukuliwa kana kwamba ni wasifu.

Wasifu wenyewe ni mzito kuliko kijembe. Martha alizaliwa tarehe 1 Julai 1857 karibu na Llandudno, Wales, katika familia iliyoingia dini ya Wamormoni na kuhamia Marekani. Safari ya kuvuka nyika hadi Utah mwaka 1861 ilimchukua mdogo wake wa kike, na baba yake akafariki siku tatu tu baada ya kufika Salt Lake City. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anafundisha shule, kisha akaingia kwenye kazi ya chapa akiweka akiba kwa ajili ya masomo. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Deseret, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Utah, akaenda Michigan kusomea udaktari huku akiosha vyombo na kutandika vitanda katika nyumba ya wapangaji ili ajikimu, akahitimu siku alipotimiza miaka 23. Hakutosheka. Alikwenda Philadelphia, akachukua shahada nyingine katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1882, mwanamke pekee katika darasa lake, na katika mji huo huo akasomea ufasaha wa kuhutubia. Angalia mpangilio huo: kemia, tiba, kisha ufundi wa kusema mbele za watu. Huyu alikuwa amejiandaa kuwashawishi watu kuhusu afya ya umma miaka miwili kabla ya kuolewa, na miaka 14 kabla ya jina lake kuandikwa kwenye karatasi ya kura.

Sasa tuingie Seneti. Katika kikao chake cha kwanza, mwaka 1897, alileta miswada mitatu ambayo ukiisoma kwa pamoja unamwona daktari akiandika. Wa kwanza ulihusu afya ya wanawake na wasichana walioajiriwa. Mwuzaji wa dukani wa enzi hizo alisimama nyuma ya kaunta kutwa nzima, mteja awepo asiwepo, kwa sababu mwenye duka alihesabu kukaa kuwa ni uvivu. Muswada haukuomba mshahara wala haukugusa saa za kazi. Ulimtaka mwajiri aweke viti, stuli au kitu kingine cha kukalia, ili mwanamke asiye na mteja mbele yake apumzishe miguu. Jambo dogo, utasema. Lakini tazama lilivyoundwa. Linamgharimu mwenye duka bei ya stuli, haliwezi kupingwa kwa hoja ya kufilisi biashara, na mtu yeyote anayeingia dukani anaona kwa macho yake kama sheria inafuatwa au la, bila hata kumhitaji mkaguzi. Mwanasiasa anayetaka kushangiliwa huandika tamko zito kuhusu hadhi ya mwanamke. Mwanasiasa anayeijua kazi yake huandika kuhusu stuli.

Muswada wa pili uliwalazimu wazazi na walezi kuwapeleka shule watoto viziwi, mabubu na wasioona. Jimbo lilikuwa na shule ya watoto viziwi mjini Ogden, ila kuwapo kwa shule si sawa na mtoto kuwamo darasani, maana wapo wazazi waliowaficha watoto hao kwa aibu, na wapo waliowahurumia mno hata wasitake kuwaachia. Cannon aliliondoa jambo hilo katika fadhila za wazazi akalitia katika wajibu wa kisheria. Baadaye aliingia katika bodi ya shule yenyewe, na katika kikao cha 1899 akapigania ijengewe hospitali. Muswada wa tatu ndio mkubwa: uliunda Bodi ya Afya ya Jimbo. Kabla ya hapo, dondakoo au homa ya matumbo ilipozuka, kila mji ulihangaika kivyake, na kijiji cha jirani kilipata habari kwa jeneza. Maradhi hayajui mpaka wa mji. Inahitajika ofisi moja yenye mamlaka ya kuuliza wagonjwa ni wangapi na wapi, maji yanatoka wapi, uchafu unakwenda wapi. Cannon aliandika sheria ya ofisi hiyo, kisha akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wake wa kwanza. Kati ya yote aliyoyafanya hapa duniani, hili ndilo lililogusa watu wengi zaidi, na ndilo linalotajwa mwisho, kama linatajwa.

Wapo watakaonipinga kwa hoja ya ishara. Watasema: miswada ya afya ingeletwa na mtu mwingine yeyote mapema au baadaye, ila mwanamke kumshinda mwanamume, tena mume, hadharani, katika nchi ambayo wanawake wake wengi wangesubiri hadi 1920 kupata kura, hilo ndilo lililowatia wengine ujasiri. Hoja hii ina uzito wake, na Cannon mwenyewe aliutumia wadhifa wake hivyo: mwaka 1898 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mjini Washington kutetea kura ya wanawake, akieleza mambo yalivyokwenda Utah. Lakini hapo hapo ndipo hoja ya ishara inapojikata. Kamati ya wabunge wanaume haikuhitaji kuambiwa kwamba mwanamke anaweza kuchaguliwa. Colorado ilikuwa imekwisha wachagua wanawake watatu katika Baraza lake la Wawakilishi mwaka 1894, na siku ile ile aliyochaguliwa Cannon, Utah iliwachagua Sarah Anderson na Eurithe LaBarthe kuingia baraza la chini. Swali lililobaki lilikuwa: wakishachaguliwa, wanafanya nini? Ishara hailijibu swali hilo. Stuli, shule ya Ogden na Bodi ya Afya zinalijibu. Mwanamke wa kwanza asiyeacha kitu nyuma yake huwapa wapinzani silaha. Anayeacha sheria inayofanya kazi huwanyang'anya.

Tena ishara ina tabia ya kuchagua kilicho chepesi. LaBarthe alileta muswada wa kuwataka wanawake wavue kofia zao ndefu katika kumbi za maonyesho ili walioketi nyuma waone jukwaa, na hadi leo jina lake halitengani na kofia hizo. Sarah Anderson, mwaka mmoja kabla ya kuchaguliwa, alikuwa amemshtaki msajili wa wapiga kura aliyekataa kumwandikisha, na kisa hicho kikafika hadi Mahakama ya Juu ya Utah. Kesi ile inapaswa kufundishwa. Badala yake, wanawake watatu waliovunja mwiko siku moja wameachiwa historia moja ya mume aliyeshindwa na nyingine ya kofia. Hayo hayatokei kwa bahati mbaya. Ndiyo matokeo ya kuwasimulia wanawake wa siasa kwa yale yanayochekesha, kisha kudai kwamba tunawaenzi.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na linatoka upande mwingine. Wapo wasemao kwamba mwanamke aliyeitetea mitala hawezi kuwa mfano wa ukombozi wa mwanamke, kwa hiyo bora tuseme alimshinda mume kuliko kuukabili ukweli kwamba aliyakubali masharti ya mume huyo. Ni kweli aliitetea. Aliwahi kumwambia mwandishi wa gazeti kwamba mke mwenye wake wenza watatu anapata wiki tatu za uhuru kila mwezi, na msomaji anayejua maana ya zamu ataelewa upesi alichokusudia. Ni kweli pia kwamba barua zake kwa Angus, ambaye mwishowe alikuwa na wake sita, zimejaa upweke na uchungu wa mtu aliyekuwa akigawiwa mapenzi kwa kipimo. Sioni haja ya kuchagua upande mmoja wa ukweli huo na kuuficha mwingine. Alisadiki dini yake, aliumia ndani yake, na alifanya kazi. Anayetaka mashujaa wasio na kasoro atafute malaika, maana katika mabunge hawamo.

Lakini wanaomhukumu kwa mitala wakumbuke na waliokuwa wakiipiga vita. Wanawake wa Utah walipewa kura mwaka 1870. Mwaka 1887 Bunge la Marekani, katika sheria iliyodai kuwaokoa wanawake na ndoa za mitala, liliwanyang'anya kura hiyo wote, wenye wake wenza na wasio nao, wa dini hiyo na wa dini nyingine. Wakati huo Martha alikuwa uhamishoni Ulaya akiwa na mtoto mchanga. Alikuwa ameondoka mwaka 1886 kwa sababu mbili: ushahidi wake ungeweza kumfunga tena mumewe, na yeye akiwa daktari aliyezalisha wake wa wanaume wengi angeweza kuburutwa mahakamani kutaja ni mtoto gani alizaliwa na nani. Alifunga kazi na kuihama nchi ili asigeuze wodi ya wazazi kuwa chumba cha upelelezi. Mtu anaweza kuikataa mitala kabisa, kama ninavyoikataa mimi, na bado akaona kwamba katika mvutano ule daktari huyu alilinda kitu ambacho serikali haikukijali: siri ya mgonjwa.

Pingamizi la tatu husema kwamba kazi yake ilikuwa fupi, miaka minne tu, na kwamba iliishia kwenye fedheha. Ni kweli hakugombea tena. Aprili 1899, akiwa bado seneta, alijifungua mtoto wa tatu, karibu miaka tisa baada ya Kanisa kutangaza kuacha ndoa mpya za mitala, na mtoto huyo akawa ushahidi hai kwamba yeye na Angus waliendelea kuishi kama mke na mume. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imepamba moto kwa sababu ya Brigham Roberts, Mmormoni mwenye wake kadhaa aliyechaguliwa kwenda Bunge la Marekani mwaka 1898 na kunyimwa kiti chake Januari 1900. Roberts ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa wapinzani wa kura ya wanawake katika mkutano wa katiba ya Utah wa 1895. Hoja zake zingefaulu, Cannon asingekanyaga Seneti. Ajabu ya mambo ni kwamba dhoruba ya mwanamume huyo ndiyo iliyomkuta mwanamke huyu na mtoto mikononi. Kuiita hiyo fedheha ya Cannon ni kumlipisha deni la nyumba mtu aliyebeba ujauzito, na kumsamehe mwenzake kwa kuwa tumbo lake halikuonekana.

Na kama miaka minne ni michache, tuulize ilizaa nini. Ndui ilipoingia Utah mwishoni mwa karne, Bodi ya Afya iliagiza watoto wasiochanjwa wasiingie darasani. Upinzani ukawa mkubwa, na mwaka 1901 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia ulazima wa chanjo mashuleni, likaipitisha tena hata baada ya Gavana Heber Wells kuikataa. Bodi ilishindwa katika vita hivyo. Lakini haikuvunjwa. Ofisi ilibaki, kumbukumbu za magonjwa zikaendelea kuandikwa, maofisa wakaendelea kufuatilia maji na maziwa. Hiyo ndiyo tofauti ya chombo na hotuba: hotuba ikipingwa imekwisha, chombo kikishindwa leo kesho asubuhi kinafungua milango. Cannon aliishi miaka yake ya mwisho Los Angeles, akiendelea na udaktari, akafariki tarehe 10 Julai 1932. Aliagiza shajara zake zichomwe, na zikachomwa. Waliotaka siri za ndoa yake wakanyimwa na mwenyewe. Alichokiacha wazi kwa kila mtu ni sheria.

Desemba 2024 sanamu yake ilizinduliwa katika jengo la Bunge la Marekani, ambako kila jimbo huweka sanamu mbili, ikachukua nafasi ya Philo Farnsworth, mmoja wa wavumbuzi wa televisheni. Wapo waliolalamika kwamba aliyeipa dunia televisheni ameondolewa kumpisha seneta wa jimbo wa miaka minne tu. Malalamiko hayo yana nguvu iwapo sifa ya Cannon ni kumshinda mumewe, maana kwa sifa hiyo Farnsworth ameonewa. Yanakosa nguvu tukisema ukweli: kwamba hapa amesimama mtu aliyeanzisha mfumo wa afya ya umma katika jimbo zima. Wanaomwenzi kwa kisa cha mume, bila kujua, wanawasaidia wanaotaka ashushwe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Angus alikuwa mmoja wa wagombea wa chama kilichobwagwa na wimbi la madini ya fedha, basi tumwache apumzike. Mwalimu anayemfundisha Cannon darasani na mhariri anayemwandika gazetini waanze na miswada mitatu ya 1897, waeleze kila mmoja ulimfaa nani, na kama nafasi itabaki ndipo wamtaje aliyeanguka. Na kipimo hicho kisiishie kwake. Kila tunapotangaza kwamba fulani ni mwanamke wa kwanza kushika kiti fulani, tuahidiane kurudi baada ya muhula wake kuuliza ameleta muswada gani, nani ananufaika nao, na nani anautekeleza. Mtunga sheria anayeulizwa maswali hayo ameheshimiwa. Anayeulizwa habari za mumewe amedhihakiwa, hata kama tunampigia makofi.